Elektroni ya Mwisho ya Amne Borafya

Anuar alipofariki, mkewe Amne Borafya alikuwa amebakiwa na kazi moja tu ili amalize masomo yake ya udaktari wa fizikia: kuitoa elektroni ya mwisho kutoka katika nafasi ndogo kuliko vumbi, na kuthibitisha kwamba kweli imetoka. Nafasi yenyewe ilikuwa Ulaya ya kaskazini, ndani ya jokofu la chuo anachosoma. Yeye alikuwa Kiponda, Mji Mkongwe, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba ya mama mkwe wake, na eda ilikuwa imemweka ndani.

Amne ni mtoto wa Mpendae. Tulisoma fizikia benchi moja chuoni, kisha mimi nikaenda kufundisha sekondari, yeye akabaki kuwa mkufunzi na baadaye akapata nafasi ya kusoma nje. Anuar alimuoa akiwa ameshaanza safari hizo. Alikuwa fundi umeme, anatandika waya katika nyumba mpya za Fumba, na watu walipomuuliza mkewe anasomea nini alikuwa akijibu, "Umeme kama mimi, ila wake wa rejareja."

Utani huo ulikuwa kweli tupu. Waya wa nyumbani hupitisha elektroni kwa wingi usiohesabika, kama watu wanaotoka uwanjani mpira ukimalizika. Amne anasoma zinavyopita moja moja. Huchukuliwa kipande cha silikoni, ambayo haipitishi umeme vizuri kama shaba wala haiuzuii kabisa kama mpira, ndiyo maana vitu vya aina yake huitwa nusu vipitishi. Juu yake hutandazwa nyaya nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona, na kila waya ukitiwa volteji husukuma elektroni zilizo chini yake. Nyaya zikipangwa vizuri, katikati hubaki kinafasi kilichozungushiwa pande zote. Hicho ndicho kinachoitwa nukta ya kwanta. Elektroni hupenya kizingiti upande mmoja ikaingia, ikapenya kizingiti cha upande wa pili ikatoka.

Niliwahi kumuuliza kwa nini zisiingie zote kwa pamoja. Tulikuwa tumekaa juu ya ngazi ya nyumba ile ile ya Kiponda, ngazi iliyosimama wima kama nyingi za mji, ambayo anayetaka kupanda lazima apige ukelele kwanza ili anayeshuka asubiri.

"Elektroni zote zina chaji hasi, zinachukiana," alisema. "Moja ikiwemo ndani, ya pili haipati nafasi mpaka ya kwanza itoke, au mpaka uitie nguvu zaidi ya kuisukuma. Kabla ya hapo mkondo unasimama. Mtu asiyejua atadhani waya umekatika. Haukukatika. Njia ipo, ila ina mtu."

Kwa kuwa joto hata dogo huzirusha elektroni hizo huku na huku, kazi hufanyika ndani ya jokofu la baridi kubwa mno, karibu na ukomo wa baridi yote iwezekanayo. Na hapo ndipo penye taabu. Chipu ikitolewa ikapata joto, ukiirudisha haiwi tena ile uliyoijua. Chaji zilizonasa ndani yake zimeshahama, na nukta imekuwa nyingine. Amne alikuwa ameitengeneza chipu yake kwa mikono yake baada ya nyingi kuharibika. Iliingia jokofuni, ikapoa, ikafanya kazi, naye akaja nyumbani likizo akiwa na ruhusa ya kuiendesha kwa mtandao. Baada ya miezi mitatu jokofu lingefunguliwa ili chipu ya mwanafunzi mwingine iwekwe. Kama mpaka siku hiyo hajathibitisha kwamba nukta yake inaweza kumwagwa mpaka iwe tupu, angekuwa hana sura ya mwisho ya tasnifu, na hakukuwa na fedha ya chuo wala nguvu ya mtu ya kuanza chipu nyingine.

Katikati ya likizo hiyo Anuar alianguka kazini Fumba, ndani ya nyumba ambayo haijahamiwa. Moyo ulisimama. Aliletwa nyumbani kuoshwa. Ngazi haikuweza kupitisha jeneza, likangojea chini uchochoroni, na ndugu zake wakamteremsha mikononi.

Bi Riyama, mama yake Anuar, si mwanamke mkali, lakini msiba kwake una mpangilio wake. Naye zamani alikaa eda katika chumba hicho hicho alichokuwamo Amne. Siku ya kwanza aliifunika televisheni kwa kanga, akaifungia redio kabatini, akasema zitakaa hivyo mpaka arubaini. Amne aliacha wanja, udi na rangi zote, akavaa kanga zilizofifia, akakaa. Profesa wake, mama mmoja mtu mzima anayeitwa Tuula, alimwandikia apumzike na asiwaze kazi. Alimwambia vilevile, kwa kuwa si mtu wa kuficha, kwamba tarehe ya jokofu hana uwezo nayo.

Basi baada ya tanga kuanuliwa Amne alifungua kompyuta. Mimi nilikuwa nikipita kila nitokapo shule, na siku hiyo nilimkuta Bi Riyama amesimama mlangoni mwa chumba.

"Unafanya nini humo, mwanangu?"

"Kazi ya chuo, mama."

"Katika eda?"

"Sitoki, mama. Nimekaa hapa hapa."

"Umekaa hapa, akili iko Ulaya."

"Akili iko jokofuni."

"Basi iache huko huko ipoe," alisema Bi Riyama, akanigeukia mimi. "Unamsikia shoga yako, Wanu? Na wewe mwalimu mzima unamtazama tu."

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba. Usinitoe katika maneno."

Hakumkataza, hata hivyo. Alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa jirani, akarudi akasema kazi ya ndani haina ubaya, lakini uso wake ulionyesha kwamba sheikh amesema lake na yeye ana lake.

Sasa, mtu hawezi kuiona elektroni, wala hawezi kufungua nukta akachungulia. Amne alikuwa akitumia waya mwingine uliopita pembeni mwa nukta, waya jirani. Mkondo hupita humo bila kuingia ndani ya nukta. Elektroni ikiwemo ndani, mkondo wa jirani hupungua kidogo, ikitoka hupanda. Ni kama mtu wa ng'ambo ya uchochoro anavyojua wageni wako wangapi kwa kutazama viatu vilivyoachwa mlangoni. Amne alipunguza volteji polepole, elektroni zikawa zinafukuzwa moja baada ya moja, na kila inapotoka mstari kwenye kioo cha kompyuta unapanda ngazi. Alirudia mara nyingi. Kila mara ngazi zilifika mahali zikakoma, na baada ya hapo mstari ukaenda sawasawa mpaka mwisho.

"Tupu," aliniambia. "Hakuna tena."

Alimwandikia Profesa Tuula hivyo hivyo, na profesa akamjibu kwa furaha. Nilifurahi na mimi. Amne aliifunga kompyuta akalala mchana kutwa, jambo ambalo tangu msiba hakuwa ameliweza.

Siku zilizofuata aliniambia kuna kitu kinamsumbua. Vizingiti vya nukta havikai vilevile. Ukiendelea kupunguza volteji, vinanyanyuka. Elektroni iliyobaki ndani inaweza kutaka kutoka na isiweze upesi. Mashine inayoshusha volteji mbio itaona kimya, na kimya cha elektroni isiyokuwemo na kimya cha elektroni iliyokwama ni kimya kimoja. Hakuwa na ushahidi wa hilo, ni wasiwasi tu. Lakini siku za jokofu zilikuwa zimebaki chache, na yeye hakuwa na pa kwenda. Akaipanga kazi upya. Mashine ya huko Ulaya isimame katika volteji moja, iandike mkondo wa waya jirani, na isisogee mpaka yeye aiamrishe kutoka Kiponda.

Asubuhi aliyoanza, alikuja Bi Mayasa wa Chukwani kuhani. Bi Mayasa ni binamu wa Bi Riyama, na ana sauti inayofika mtaa wa pili. Mimi sikuwepo, Bi Riyama ndiye aliyenisimulia. Walipomaliza kusoma fatiha na kulia kidogo, Bi Mayasa alitupa jicho pembeni, kwenye televisheni iliyofunikwa.

"Riyama, mbona king'amuzi chenu kinawaka?"

"Kipi?"

"Hicho hapo chini. Kijani, chekundu, kijani. Nyumba ya msiba mmetia taa za harusi?"

Bi Riyama aliona haya mpaka masikioni. Hakuwa amekiangalia hata siku moja kile kisanduku kilichokaa nyuma ya kanga. Aliinama akakichomoa ukutani, akaukunja waya vizuri, akarudi kukaa. Kisanduku chenyewe hakikuwa king'amuzi. Kilikuwa ruta ya intaneti, aliyoifunga Anuar kwa mkono wake ili mkewe afanye kazi akija likizo.

Amne alikuwa chumba cha nyuma, amekaa mkekani na wageni wengine waliokuwa wakisoma kwa sauti, hakuona wala hakusikia lililotokea. Walipoondoka alirudi chumbani akakuta mtandao hakuna. Hakwenda kuangalia. Nani kwetu huangalia? Umeme hukatika, mtandao hukatika, waya wa baharini husemwa umekatika, na mtu hukaa akangoja urudi kama anavyongoja mvua ipite. Aliswali adhuhuri, akachagua mchele, akaswali alasiri. Usiku haukurudi. Asubuhi haukurudi.

Nilipofika mchana wa siku hiyo ya pili nilimwona amekaa na kompyuta imefungwa mapajani.

"Mji mzima hauna mtandao?" aliniuliza.

"Shuleni upo."

Bi Riyama alikuwa akipita na sinia. "Mtandao ndiyo ile intaneti?"

"Ndiyo, mama."

"Si king'amuzi?"

Tulimtazama sote wawili.

"Mie king'amuzi nshakichomoa tangu jana," alisema. "Mayasa kanitia aibu."

Amne aliiweka kompyuta chini. Aliinuka, akapita mbele ya mkwewe kwa adabu, akauchomeka waya. Taa za kijani zikaanza kumemeta. Bi Riyama alibaki na sinia lake mikononi.

"Nimeharibu nini?"

"Bado sijui, mama."

Mashine ya Ulaya ilikuwa imefanya kama ilivyoamrishwa. Ilisimama kwenye volteji ile ile mchana na usiku, ikingoja amri ambayo haikuja, na muda wote huo ikawa inaandika mkondo wa waya jirani. Amne aliyafungua maandishi hayo yote kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Mstari ulikwenda sawasawa kwa muda mrefu mno, mrefu kuliko majaribio yake yote ya mbio. Kisha ukapanda ngazi moja. Ukakaa juu. Kisha ukashuka. Ukakaa chini muda, ukapanda tena.

Hata mimi nilielewa. Ndani ya nukta mlikuwamo elektroni moja, inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, kwa mwendo wa taratibu ambao hakuna aliyekuwa na subira ya kuuona.

Amne aliweka mikono usoni. Nilidhani analia kwa furaha, maana ni watu wachache waliowahi kuona elektroni moja ikifanya hivyo, na hapa ilikuwa imejileta yenyewe. Alipoitoa mikono uso wake ulikuwa mkavu.

"Nliandika kwamba ni tupu," alisema.

"Hujachapisha popote."

"Nimemwandikia Tuula. Ameshawatangazia wenzake."

Sikumwambia kwamba angeweza kunyamaza. Wala sidhani kama lilimpitia. Lakini alikaa muda kabla hajaandika, na alipoandika ilikuwa barua fupi. Alisema amekosea, nukta haikuwa tupu, huu hapa ushahidi, na anaomba jokofu liongezewe muda. Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Profesa alimshukuru. Alisema mstari ule ni mzuri kuliko wowote uliotoka katika maabara yao, lakini unamkatalia alichodai, na bila ya nukta tupu sura ya mwisho haijakamilika. Muda wa jokofu hauongezeki. Siku zilizobaki azitumie polepole.

Polepole maana yake ilikuwa kusimama kila volteji kutwa kucha, bila mtandao kukatika, kwa siku zote zilizobaki. Na katikati ya siku hizo ilikuwamo khitma ya arubaini ya Anuar, ambapo ukumbi ule ungejaa wanawake kutoka Mpendae, Chukwani na mji mzima, wamekaa wakitazamana na televisheni na ruta chini yake. Waya haukufika chumbani. Fundi aliyeupima na kuukata ndiye tuliyekuwa tunamsomea.

Amne alimwendea mkwewe jikoni. Nilibaki mlangoni.

"Mama, nnaomba kisanduku kile kisizimwe. Hata siku ya khitma."

Bi Riyama alikuwa akikuna nazi, hakusita. "Watu waje kumsomea mwanangu, mataa yanamemeta?"

"Kuna moja haijatoka, mama. Nliwaambia watu imetoka."

"Uliwaambia uongo?"

"Nlidhani kweli."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kungoja. Niitazame mpaka itoke."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza. "Kungoja tu? Ndiyo masomo yenyewe hayo uliyoyafuata kwenye barafu?"

"Kwa sasa ndiyo hayo, mama."

"Hayo hata mie nayaweza," alisema Bi Riyama, akaendelea kukuna. Baada ya muda akauliza, "Na isipotoka?"

"Nitakuwa sikumaliza."

"Anuar alikuwa akijua unayafanya haya?"

"Alikuwa akinicheka."

"Alikuwa akikucheka mbele yako," alisema Bi Riyama. "Ukiondoka akitusumbua sisi. Elektroni, elektroni, mpaka tukamwambia anyamaze tule."

Hakusema ndiyo wala hapana. Siku ya khitma nilifika mapema kusaidia kupakua, nikakuta ruta imesogezwa juu ya kijimeza na kufunikwa kawa kubwa la ukili, lile la kufunikia sinia la wali. Hakuna taa hata moja iliyoonekana. Waya ulipita chini ya mkeka.

Watu walijaa. Yasini ilisomwa, dua ikaombwa. Wakati wa kula Bi Mayasa alilitolea macho lile kawa.

"Riyama, hapo umeficha nini? Sisi tunakula biriani, kumbe kizuri kimefunikwa."

"Kula ulichopakuliwa, Mayasa."

"Basi nifunulie nione tu."

"Ukifunua kinapoa."

Wanawake walicheka, Bi Mayasa akacheka pamoja nao, yakapita. Bi Riyama alinipita na birika, akaninong'oneza, "Funika kombe, mwanaharamu apite," kisha akatazama chini, kwa kuona amefanya mzaha siku ya khitma ya mwanawe. Nilimshika mkono. Aliniachia kidogo, akaenda kumimina chai.

Katika siku zilizobakia Amne alishuka volteji hatua ndogo ndogo. Kila hatua aliisubiri. Bi Riyama alizoea kuingia na kukaa kitandani nyuma yake akiwa na tasbihi, anautazama mstari asioelewa chochote juu yake. Aliuliza swali lile lile kila aingiapo: "Imo?" Na Amne akajibu, "Imo, mama."

Ilikuwa Jumamosi, mimi sina shule. Mstari ulikuwa umekaa chini tangu usiku. Tulikuwa tunachagua mchele wote watatu, sinia moja katikati, kompyuta juu ya kiti. Ukapanda. Hakukuwa na mlio wala alama yoyote, ila mstari ambao ulikuwa chini sasa uko juu.

"Imetoka," alisema Amne.

"Kaenda wapi?" aliuliza Bi Riyama.

"Kwenye waya, mama. Imechanganyika na nyingine. Huwezi tena kuijua ni ipi."

"Haitorudi kama ile ya mwanzo?"

"Inaweza. Ndiyo tungoje."

Tulingoja. Mchele ukaisha, ukapikwa, tukala. Adhana ya alasiri ikapigwa, ikapigwa ya magharibi, mstari haukushuka. Nilirudi nyumbani, nikaja kesho yake, nikaukuta juu vilevile, na Bi Riyama amelala ubavu kwenye kitanda cha mkwewe, tasbihi kiganjani. Kwa miaka nimefundisha watoto kwamba umeme ni elektroni zinazokwenda, na sikuwahi kufikiri kuna mtu atakaa siku nzima kutazama kama moja imekwenda.

Jumatatu jokofu lilizimwa likaanza kupata joto. Mstari ulikuwa bado juu ulipokatika.

Amne aliandika sura yake ya mwisho ndani ya eda hiyo hiyo. Mahali alipotakiwa kueleza matokeo hakuandika kwamba nukta ni tupu. Aliandika kwamba elektroni iliyoonekana ya mwisho ilitoka, akataja alingoja kwa muda gani, na kwamba kwa muda huo haikurudi. Profesa Tuula alimuuliza kwa nini hatumii neno tupu, wakati kila mtu katika fani hulitumia na ushahidi wake una nguvu kuliko wa wengi. Amne alimjibu kwamba neno hilo alishalitumia mara moja, na sasa anajua tu kwamba amengoja. Profesa aliiacha sentensi kama ilivyo, na watahini nao wakaiacha.